Ndani Hamna Kitu

Nchi ninayoisimulia haipo, na kwa kuwa haipo hakuna atakayeniita ofisini kunihoji. Msomaji akihisi amewahi kupita huko, akasimamishwa na askari wake au akala vumbi la misafara yake, hayo ni macho yake tu na mimi simo. Katika nchi hiyo isiyokuwepo aliishi mtu aitwaye Chande Makorogo, dereva wa Waziri wa Sauti na Masikio, na mambo yote yalianzia ndani ya gari alilokuwa akiendesha, pale penye redio.

Magari ya nchi hiyo yalitumiwa kwanza na watu wa mbali, yakachoka, yakapakiwa melini, yakaja kuanza maisha upya. Yalikuja na redio zake, na redio hizo ziliendelea kuzungumza lugha ya kwao. Ukichomeka flashi isiyokuwa na nyimbo, mwanamke mmoja mpole ndani ya redio alikueleza jambo fulani kwa lugha hiyo, nawe ukamjibu "haya, mama," ukashika njia yako. Hakuna aliyejua anasema nini, na hakuna aliyedhurika.

Siku moja Waziri, Mheshimiwa Daktari Lugoloza, alikuwa akitoka kula na kwenda kula, akamsikia yule mwanamke. Akaudhika kizalendo.

"Chande, huyu ananitukana?"

"Sijui, Mheshimiwa. Labda anatusalimia."

"Taifa huru haliwezi kusalimiwa na redio kwa lugha isiyojulikana. Leo anasalimia, kesho atatoa amri."

Ikaundwa Kamati ya Kuzipa Redio Uraia. Wajumbe wakajifungia katika hoteli ya ufukweni msimu mzima wa mvua, wakila kamba wa kukaanga na kuzozana juu ya viambishi, hadi suruali zao zikakataa kufungwa. Matunda ya jasho hilo yalikuwa sentensi mbili. Kila redio nchini ikang'olewa yule mwanamke, ikapandikizwa mwanamume mwenye sauti nzito ya mtu aliyeshiba, naye akikuta flashi tupu husema: "Ndani hamna kitu. Toa, weka kingine." Wajumbe wote walipewa nishani kwa ufasaha, na waliokula kamba kupita kiasi wakaongezewa dawa ya tumbo.

Chande hakumchukia mwanamume yule, kwa sababu hakumsikia mara nyingi. Flashi yake haikuwa tupu. Mkewe, Zawena, aliyefariki kwa maradhi ya figo, alikuwa mwimbishaji wa kina mama wa mtaani kwao katika harusi na ngoma za unyago. Kabla hajaanza kuugua, Chande alimrekodi kwa simu jikoni bila yeye kujua. Simu ile ilishakufa kama Zawena mwenyewe, na sauti ikabaki kwenye flashi peke yake. Kwanza husikika kikohozi, kisha mfuniko wa sufuria, kisha Zawena akijiimbia huku akikuna nazi:

Njoo uketi karibu, jamvi nimelitandika,
Uje na njaa moyoni, chungu nimekiinjika.

Halafu anamwona mumewe na simu yake. "We Chande, acha kunirekodi, wali unaungua. Chande. Si nakwambia? Umenisikia?" Hapo rekodi inakatika. Siku ile Chande hakumjibu, kwa kuwa alikuwa akijizuia kucheka, na baadaye kila Waziri alipokuwa hotelini akila kwa niaba ya wananchi, dereva wake aliketi garini akamsikiliza mkewe, akajuta kwamba hakumjibu neno.

Sasa, nchi ile ilitawaliwa na Mtukufu Msemaji Mkuu. Alikuwa na vyeo vingine, lakini hicho ndicho alichokipenda, maana kazi aliyoiweza ilikuwa kusema. Alisema kwenye uzinduzi wa madaraja na alisema kwenye mazishi ya watu waliotumbukia kutoka kwenye madaraja hayo. Wasaidizi wake wakaona uchungu kwamba mwananchi akiingia garini anakwepa hotuba na kusikiliza muziki. Hivyo ikatangazwa Flashi ya Taifa, yenye rangi za bendera, ndani yake zikiwemo hotuba zote za Mtukufu tangu alipoanza kupumua. Zabuni ya kuitengeneza ilishindaniwa kwa haki na uwazi, akashinda shemeji wa Mtukufu, aliyekuwa mshindani pekee.

Siku ya uzinduzi Waziri Lugoloza alisimama jukwaani, jasho likimtiririka shingoni kama mchuzi, akasema:

"Ndugu wananchi, sikio ni mlango. Je, mlango wako unauacha wazi aingie kila mpita njia? Kuanzia leo flashi za watu binafsi ni magendo ya sauti. Zitakusanywa katika mapipa na kusagwa na katapila. Mwananchi atakayebaki na flashi yake atahesabiwa kuwa anasikiliza mambo yake mwenyewe."

Umati ukashangilia, kwa sababu kulikuwa na soda. Kisha Waziri akawaita wapiga picha hadi kwenye gari lake.

"Dereva wangu atatoa mfano. Chande, chomoa."

"Mheshimiwa, hii ina mambo ya nyumbani tu."

"Hayo ndiyo tunayoyatafuta. Chomoa."

Chande akachomoa. Waziri akaipokea flashi, akataka kuitupa pipani, lakini sikio likamwasha. Basi mbele ya kamera za taifa akaiingiza ncha ya flashi ile sikioni, akakoroga huku amefumba jicho moja kwa raha, akaitoa na nta ya manjano. Akaitazama nta ile kwa makini kuliko alivyowahi kutazama bajeti. Akaipangusa flashi kwenye shati la Chande, ndipo akaitupa. Mikono ikamwuma Chande kwa kutaka kumshika mtu kooni. Watu wakapiga makofi, naye akapiga pia, maana aliyesimama jirani yake alikuwa akimtazama mikono.

Kesho yake asubuhi wakachomeka Flashi ya Taifa. Waziri alikaa kiti cha nyuma, akajiweka sawa kwa heshima, akafunga kifungo cha koti. Redio ikafikiri kidogo.

"Ndani hamna kitu," ikasema. "Toa, weka kingine."

Chande alitazama barabara, kwa kuwa barabara haina kesi.

"Umesikia ilivyoanza?" Waziri akauliza polepole.

"Nimesikia, Mheshimiwa."

"Hotuba nzito."

"Nzito sana, Mheshimiwa."

Na Waziri akaanza kutikisa kichwa, kama mtu anayekubaliana na hoja moja baada ya nyingine. Chande akamtazama kwenye kioo, akaona macho yale yanamngoja. Akaanza kutikisa chake.

Shemeji alikuwa ameuza plastiki. Nchi nzima ilijua asubuhi ileile, kila mtu ndani ya gari lake, na kila mtu akadhani akisema atakuwa wa kwanza kusema. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mchana wakaanza kusifiana hotuba. Meneja wa benki alisema ile ya kilimo ilimtoa machozi. Mchungaji mmoja alisema ameisikiliza ya maji safi mara kadhaa na kila mara anapata jipya. Wizara ikaona kwamba sentensi za redio zinaweza kupotosha wageni, ikatoa waraka: dereva akichomeka Flashi ya Taifa, atakohoa kwa nguvu hadi redio imalize kusafisha koo lake. Wakakiita kikohozi cha uzalendo. Ukipita mjini saa za kwenda kazini ungedhani umeingia wodi ya kifua kikuu, barabara nzima ikikohoa, kisha kimya, kisha vichwa vikitikisika nyuma ya vioo, juu na chini, juu na chini, katika ukimya mtupu. Ilikuwa ni kinyaa kutazama, na watu waliitazama kila siku wakaizoea.

Askari wa barabarani nao wakapewa kazi mpya. Walisimama kwenye mizunguko wakichungulia madirishani.

"Wewe, mbona kichwa kimetulia? Hujafika kwenye sehemu ya viwanda?"

"Nimefika, afande. Nilikuwa natafakari."

"Tafakari huku unatikisa."

Chande akawa bingwa. Kwa kuwa alimwendesha Waziri, alitikisa kichwa kutwa nzima, akaweza kutikisa hata akikata kona. Usiku shingo ilimuuma, akaipaka mafuta ya karafuu, na hakuwa na cha kusikiliza. Aliogopa jambo moja tu, kwamba anaanza kuisahau sauti. Wimbo aliukumbuka. Lakini namna Zawena alivyosema "si nakwambia," pale sauti ilipopanda kidogo kwa ukali wa mapenzi, hapo palikuwa panafutika.

Kisha ikatokea ajali ya kitaifa. Mtukufu Msemaji Mkuu, ambaye kwa kawaida hakusikiliza hotuba zake kwa sababu alikuwa akizitoa, aliingia garini kwake. Dereva wake alikuwa ametoka kunywa dawa ya kifua, nayo ilikuwa nzuri mno. Mtukufu alipotua makalio yake kwenye kiti, redio ikasema kwa sauti kavu, bila mtu kukohoa: "Ndani hamna kitu. Toa, weka kingine."

Dereva alichukuliwa palepale, na redio ikafungwa pingu ikawekwa mahabusu katika chumba chake peke yake. Dereva hakuonekana tena. Redio ilionekana baadaye ikiuzwa.

Nafasi ikawa wazi, na Chande akateuliwa kwa kuwa shingo yake ilisifika hata Ikulu. Siku hiyohiyo Waziri alimwita faragha, akamshika bega kwa mkono wenye mafuta ya kuku.

"Chande, Jumamosi ni Sikukuu ya Sauti. Utamzungusha Mtukufu uwanjani katika gari la wazi, na redio yake itaunganishwa na spika zote za uwanja. Shemeji ameleta shehena mpya. Hizi ni nzuri."

"Zina kitu, Mheshimiwa?"

Waziri alimtazama kwa uchungu wa kweli. "Mwanangu, wewe kohoa tu. Kohoa kuliko ulivyowahi kukohoa."

Chande alielewa. Flashi ikiwa tupu, uwanja mzima utaambiwa na spika za serikali kwamba ndani hamna kitu, Mtukufu akiwa ndiye kitu pekee kilichomo garini. Kikohozi cha mtu mmoja hakizidi spika za uwanja. Atakwenda alikokwenda mwenzake, na Waziri atakula chakula cha mchana kama kawaida.

Jumamosi uwanja ulijaa. Watoto wa shule walipangwa juani kuunda umbo la sikio, na wawili watatu waliozimia wakaachwa walale walipo ili sikio lisiharibike. Mtukufu akapanda gari, Waziri akapanda nyuma yake na mwavuli, Chande akashika usukani. Flashi mpya ilikuwa bado inanuka rangi, na rangi yenyewe ikamshika vidoleni. Akajaza hewa kifuani. Akachomeka.

Redio ikafikiri. Kisha spika zote za uwanja zikakohoa.

Chande alidhani ni yeye. Halafu ukasikika mfuniko wa sufuria ukianguka. Halafu, juu ya vichwa vya mawaziri, majenerali, maaskofu, mashehe na sikio la watoto, Zawena akaanza kujiimbia huku akikuna nazi.

Chande akaelewa yote kwa mara moja, hata ile harufu ya rangi. Shemeji, aliyepewa pia kazi ya kusaga, hakusaga chochote. Alibeba mapipa ya flashi za wananchi, akaziosha nyimbo, akazipaka bendera, akazikusanyia malipo mapya, na kibarua wake alipochoka kufuta akaacha kufuta. Kati ya zote, hii ndiyo iliyopenya. Alisikia furaha iliyomwumiza mbavu, na hapohapo akasikia kinyaa, maana mkewe alikuwa akiimba jikoni kwake mbele ya watu hawa, huku wakitoa meno.

"We Chande, acha kunirekodi, wali unaungua. Chande. Si nakwambia? Umenisikia?"

Mtukufu akamgeukia Waziri.

"Hii ni hotuba gani?"

Waziri alikuwa amegeuka rangi ya majivu, lakini mtu hakai wizarani miaka yote hiyo bila kuwa na kipaji. "Ni ya mwanzo kabisa, Mtukufu. Ya utotoni, kabla sauti haijawa nzito. Wataalamu wameihangaikia sana."

Mtukufu akafumba macho. Uso wake mpana ukalainika.

"Naikumbuka," akasema. "Nilikuwa na homa siku ile."

"Ulikuwa na homa kali, Mtukufu."

Mtukufu akafumbua jicho moja, akaliweka kisogoni kwa dereva. "Na wewe, kijana. Unasikiliza kutwa, unajua sauti. Hii ni sauti ya nani?"

Chande aliona njia mbili, zote zinanuka. Akisema ni ya mkewe, flashi itasagwa leo kweli, na yeye ataongozana na yule aliyekunywa dawa ya kifua. Akisema ni ya Mtukufu, Zawena atabaki akiimba. Hakufikiri kwa muda mrefu kama alivyotamani baadaye kwamba angefikiri.

"Yako, Mtukufu."

Mate yakamjaa kinywani, machungu. Kutema mate katika gari la Mtukufu ni uhaini, akayameza.

Basi umati ukalipuka kwa makofi. Ilikuwa hotuba bora kuliko zote, na kila aliyepiga makofi alipiga kwa moyo, maana kwa mara ya kwanza ndani mlikuwa na kitu. Mtukufu akaamuru ianze upya, na mzunguko wa pili akaimba pamoja nayo, akikosea maneno. Kesho yake ikanakiliwa katika kila Flashi ya Taifa, ichezwe katika kila gari, asubuhi na jioni. Kikohozi cha uzalendo kikafutwa, kwa kuwa hotuba ilikuwa na kikohozi chake.

Chuo Kikuu kikafanya kongamano. Profesa mmoja alithibitisha kwamba jamvi ni umoja wa kitaifa na chungu ni hazina ya serikali, iliyoinjikwa ili wananchi waje na njaa zao na kuziacha palepale. Wali unaoungua ni maadui wa nchi. Mwingine akadai mfuniko wa sufuria ni sera ya mambo ya nje, wakataka kupigana. Lakini wote waliafikiana kwamba Chande anayeitwa na Mtukufu si mtu, ni raia mwema popote alipo, na ni lazima aitikie. Ikapitishwa sheria: redio ikiuliza "Umenisikia?", kila mwananchi atajibu "Nimekusikia" kwa sauti inayotoka nje ya gari.

Mwezi haukuisha, Waziri akamwita tena dereva wa Mtukufu.

"Kuna dosari ndogo. Jina lako."

"Limefanya nini, Mheshimiwa?"

"Sasa ni la taifa. Haiwezekani Mtukufu amwite raia mwema, akageuka dereva. Utaonekana unajifanya. Tumekufutia. Kuanzia leo hao kina Chande wote wanatafuta majina mengine, na wewe tumekurahisishia, utaitwa Dereva."

Alitaka kusema kwamba jina lile alipewa na bibi yake, na kwamba Zawena hakuwahi kumwita mtu mwingine kwa jina hilo. Waziri alikuwa ameshaingiza kalamu sikioni. Dereva akatoka.

Alfajiri moja, akiendesha gari dogo la Ikulu kwenda kulichukua gari la Mtukufu, Dereva alisimamishwa kwenye mzunguko. Magari yalipangana, vioo vikiwa chini kama sheria inavyotaka, na katika yote Zawena alikuwa akikuna nazi, hapa akiwa mbele kidogo, pale akiwa nyuma kidogo, kama kwamba wamekuwa wengi na kila mmoja ana jiko lake. Askari, mtu wa makamo mwenye sare iliyopauka, akaegemea dirisha.

"We Chande," redio ikasema, "acha kunirekodi, wali unaungua. Chande. Si nakwambia?" Na hapo sauti ikapanda kidogo kwa ukali, vilevile ilivyokuwa. "Umenisikia?"

"Nimekusikia," magari yote yakajibu, kwa uchovu.

Dereva alichelewa. Wenzake walipokwisha kunyamaza, akasema taratibu, kama mtu aliye peke yake, "Nimekusikia, Zawena."

Askari hakuondoa kiwiko dirishani. "Zawena ni nani?"

Dereva alichoka. Alichoka kutikisa kichwa, na mate aliyoyameza uwanjani yalikuwa bado yako kooni. "Marehemu mke wangu," akasema. "Huyo anayeimba. Nilimrekodi mwenyewe jikoni kwetu, na huyo Chande ni mimi."

Askari akatazama kulia, akatazama kushoto. Juu ya mzunguko Mtukufu alitabasamu katika bango lake. Redio zikaanza upya, kikohozi, mfuniko. Askari akainamisha kichwa karibu, akauliza kwa sauti ndogo ya mtu aliyekuwa akilitaka jibu hilo muda mrefu:

"Na ule wali?"

"Uliungua," akasema Dereva. "Tukaula hivyohivyo."

Askari akatikisa kichwa, safari hii si kwa amri. Kisha akatoa kalamu na kumwandikia kosa la kuchelewa kuitikia, kwa kuwa nyuma yao kulikuwa na kamera.